Mahakama na mamlaka ya kusimamia uchaguzi: Funzo la Meru na Embu

MNAMO Mei 30, 2014, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi kuhusu kiti cha ugavana cha Meru ambao tangu hapo umenukuliwa mara kwa mara na mawakili na majaji katika kesi za kupinga uchaguzi. Mwanzoni mwa 2019, mahakama hiyohiyo ilifunga kesi nyingine ya ugavana, safari hii kutoka kaunti jirani ya Embu.

Kesi hizo mbili zilipitia ngazi zote tatu za juu za mahakama, na katika kila moja majaji walitofautiana njiani. Katika ile ya Meru, Mahakama Kuu ilimwachia gavana ushindi wake, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha, na Mahakama ya Juu ikaurejesha. Katika ile ya Embu, Mahakama Kuu ndiyo iliyobatilisha ushindi, Mahakama ya Rufaa ikaurejesha, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo.

Kwa mpiga kura wa Maua au Runyenjes, mabadiliko hayo yalizua swali lisiloepukika. Ikiwa tume ya uchaguzi imetangaza mshindi, na jaji anaweza kumwondoa, na majaji wengine wanaweza kumrudisha, ni nani hasa mwenye mamlaka juu ya uchaguzi? Jibu lililojengwa na kesi hizi ni kwamba tume ndiyo huendesha uchaguzi, na mahakama hukagua kazi ya tume. Ukaguzi huo nao una mipaka: mahakama haiwezi kufuta kura za maelfu ya wananchi kwa sababu tu kuna kosa lililopatikana kwenye karatasi.

Katiba imempa nani kazi hii?

Kifungu cha 88 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, jukumu la kuendesha au kusimamia kura ya maamuzi na uchaguzi wa kila wadhifa wa kuchaguliwa unaotajwa na Katiba. Tume ndiyo huandikisha wapiga kura, huweka mipaka ya maeneobunge na wadi, huidhinisha wagombea na kutangaza matokeo. Kifungu cha 86 nacho kinaiagiza ihakikishe kwamba mfumo wowote wa kupiga kura unaotumika ni rahisi, sahihi, salama, wa uwazi, unaoweza kuthibitishwa na wenye uwajibikaji.

Serikali za kaunti hazina sehemu yoyote katika kazi hiyo. Kaunti ya Meru, yenye maeneobunge tisa, na ile ya Embu, yenye manne, zinasimamia hospitali, kilimo, masoko na barabara za kaunti, lakini gavana hana uwezo wa kuteua hata karani mmoja wa kituo cha kupigia kura. Afisa msimamizi wa uchaguzi katika kaunti huteuliwa na tume na huwajibika kwa tume.

Mpangilio huu unatofautiana na ule wa Marekani, ambako majimbo ndiyo huendesha uchaguzi, hata ule wa rais na wa wabunge wa kitaifa. Kila jimbo lina sheria na maafisa wake, na Bunge la Congress linaweza kubadilisha taratibu za uchaguzi wa wabunge wake. Mvutano wa huko mara nyingi huhusu mipaka ya mamlaka ya jimbo. Mnamo Desemba 2000, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida, na George W. Bush akawa rais. Mnamo Juni 2023, katika kesi iliyotoka North Carolina, mahakama hiyo ilikataa hoja kwamba bunge la jimbo linaweza kuweka kanuni za uchaguzi wa Congress bila kukaguliwa na mahakama za jimbo.

Kenya haina majimbo yenye mamlaka ya aina hiyo. Mvutano wake ni kati ya tume moja ya kitaifa na mahakama.

Enzi ambazo serikali ilijiamulia

Wakazi wa Meru na Embu wanajua ilivyokuwa serikali ilipoamua peke yake nani apige kura. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, nchi ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwananchi wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru hakuruhusiwa kujiandikisha bila cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa mwaminifu kwa serikali ya mkoloni.

Cheti hicho kiliamua mengi. Katika kiti cha Mkoa wa Kati, Wameru waliopata vyeti walikuwa wengi kuliko Wakikuyu. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo mwaka wa 1944. Orodha ya wapiga kura ilikuwa mikononi mwa maafisa wa utawala, na aliyenyimwa cheti hakuwa na tume huru ya kumsikiliza.

Uhuru haukumaliza tatizo hilo. Katika uchaguzi wa 1988, chama cha Kanu kilitumia mfumo wa mlolongo katika mchujo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mbunge bila kwenda kwenye kura ya siri. Foleni ilipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nayo, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ambazo jaji angeweza kuagiza zihesabiwe upya.

Hata baada ya kurejea kwa vyama vingi mnamo 1991, njia ya mahakamani ilikuwa na miiba. Mwai Kibaki alipopinga ushindi wa Rais Daniel arap Moi katika uchaguzi wa 1997, kesi yake ilitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa nyaraka za kesi ana kwa ana. Mahakama ya Rufaa iliafiki msimamo huo mwaka wa 1999. Kwa mwananchi wa kawaida, ilikuwa vigumu kuelewa ni vipi mlalamishi angepenya ulinzi wa Ikulu ili amkabidhi rais karatasi mkononi.

Imani katika mahakama ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, chama cha ODM kilikataa kwenda kortini. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, iliripoti Septemba 2008 kwamba uchaguzi ule ulikuwa umevurugika kiasi cha kutoweza kuaminika, na Tume ya Uchaguzi ya wakati huo ikavunjwa.

Masharti mapya ya sheria

Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 ilijibu matatizo hayo moja baada ya jingine. Kesi ya kupinga uchaguzi, isipokuwa ya urais, sharti iwasilishwe katika siku 28 baada ya tume kutangaza matokeo. Mlalamishi anaweza kumkabidhi mlalamikiwa nyaraka moja kwa moja, au kuchapisha tangazo katika gazeti linalosambazwa kote nchini. Ile kamba iliyoinasa kesi ya Kibaki ikawa imekatwa.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka ratiba. Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua kesi ya ugavana au ya ubunge. Rufaa hupelekwa katika siku 30, nayo huamuliwa katika miezi sita. Kesi za wawakilishi wa wadi husikizwa na mahakimu. Katika miaka ya nyuma, baadhi ya kesi zilichukua muda mrefu hivi kwamba mbunge aliyepingwa alikaribia kumaliza kipindi chake kabla ya hukumu.

Vifungu viwili vya sheria hiyo ndivyo vilivyobeba uzito wa kesi za Meru na Embu. Kifungu cha 83 kinasema uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kutofuatwa kwa sheria iliyoandikwa, ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na sheria hiyo, au ikiwa makosa hayakuathiri matokeo. Kifungu cha 85A kinasema rufaa kutoka Mahakama Kuu itahusu masuala ya kisheria pekee. Maana yake ni kwamba majaji wa rufaa hawapaswi kuanza upya kupima ushahidi wa mashahidi ambao hawakuwaona wala kuwasikia.

Kesi ya Meru

Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, wa kwanza chini ya ugatuzi, Peter Munya wa chama cha APK alitangazwa gavana wa kwanza wa Meru. Mpinzani wake wa karibu alikuwa Kilemi Mwiria, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo ikilinganishwa na mamia ya maelfu ya kura zilizopigwa. Mpiga kura mmoja wa kaunti hiyo alikwenda Mahakama Kuu mjini Meru kupinga matokeo.

Mahakama Kuu iliruhusu ukaguzi wa kura katika baadhi ya vituo. Makosa yalipatikana, lakini Septemba 2013 jaji alikataa ombi la kubatilisha uchaguzi. Mlalamishi alikata rufaa, na Machi 2014 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ilikubaliana naye. Kwa maoni ya majaji hao, makosa yaliyofichuliwa na ukaguzi, yakiwekwa kando ya ushindi mwembamba, yalitosha kutia shaka matokeo yote. Ugavana wa Munya ukafutwa na Meru ikakabiliwa na uchaguzi mdogo.

Munya alikimbilia Mahakama ya Juu. Swali la kwanza lilikuwa kama mahakama hiyo ina uwezo wa kusikiliza mzozo wa ugavana, kwa kuwa kwa kawaida hushughulikia rufaa zinazohusu ufafanuzi au utekelezaji wa Katiba, au jambo lililothibitishwa kuwa na umuhimu kwa umma. Jibu lake lilikuwa kwamba Sheria ya Uchaguzi imechipuka kutoka Katiba yenyewe, hivyo kuifasiri sheria hiyo katika mzozo wa uchaguzi ni sehemu ya kufasiri Katiba. Kwa uamuzi huo, mlango wa Mahakama ya Juu ulifunguliwa kwa magavana na wabunge, na waliofuata walikuwa wengi.

Swali la pili lilihusu muda wa kusubiri. Je, kiti kiachwe wazi rufaa ikiendelea? Mnamo Aprili 2014 mahakama ilisitisha utekelezaji wa hukumu ya Nyeri. Ilieleza kwamba anayeomba amri kama hiyo lazima aonyeshe kuwa rufaa yake ina mashiko, kwamba ushindi wake utakuwa bure iwapo amri haitatolewa, na kwamba amri hiyo ina manufaa kwa umma. Sharti hilo la tatu lina uzito wake. Kuandaa uchaguzi mdogo wa kaunti nzima ni gharama kubwa kwa mlipa ushuru, na kuuandaa kisha ukafutwa na hukumu ya baadaye kungekuwa kuchota maji kwa pakacha.

Uamuzi wa Mei 30, 2014, ndio uliomaliza kesi. Mahakama ya Juu ilisema Mahakama ya Rufaa ilivuka mpaka kwa kuingia katika masuala ya ushahidi badala ya kubaki kwenye sheria. Kisha ikaeleza kipimo. Uchaguzi ulioendeshwa kwa kiasi kikubwa kulingana na misingi ya Katiba na sheria hauwezi kubatilishwa kwa sababu tu ya dosari, lakini dosari zikiwa kubwa kiasi cha kuathiri matokeo, uchaguzi huo utafutwa.

Kuhusu ushindi mwembamba, mahakama ilisema ni ishara ya tahadhari pale panapodaiwa makosa ya kuhesabu na kujumlisha, na jaji anapaswa kuchunguza kwa makini. Hata hivyo, ikiwa kura zimekaguliwa au kuhesabiwa upya na mshindi akabaki yuleyule, udogo wa tofauti hauna uzito tena. Aliyeshinda kwa kura chache ameshinda. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, aliafikiana na wenzake na kuongeza maoni yake kuhusu namna Katiba mpya inavyopaswa kufasiriwa.

Kesi ya Embu

Mnamo Agosti 8, 2017, Martin Wambora alitetea kiti chake cha ugavana wa Embu kwa tikiti ya Jubilee dhidi ya Lenny Kivuti wa chama cha Maendeleo Chap Chap. Wambora alitangazwa mshindi kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Kivuti, aliyekuwa seneta wa kaunti hiyo tangu 2013, alikwenda mahakamani.

Kesi hiyo ilisikizwa baada ya tetemeko la kisiasa. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa urais kwa kura nne dhidi ya mbili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika kufuatia kesi ya upinzani dhidi ya rais aliye mamlakani. Majaji wengi walisema uchaguzi si hesabu ya mwisho pekee. Ni safari nzima kuanzia uandikishaji hadi kutangazwa kwa matokeo. Walifafanua pia kwamba kifungu cha 83 kina miguu miwili: uchaguzi unaweza kufutwa kwa sababu ulikiuka misingi ya Katiba, au kwa sababu dosari ziliathiri matokeo.

Kwa walalamishi kote nchini, uamuzi huo ulikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Wengi waliamini kwamba kuonyesha fomu zilizojazwa vibaya sasa kungetosha. Februari 2018, Jaji William Musyoka wa Mahakama Kuu ya Embu alibatilisha ushindi wa Wambora. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ilipindua hukumu hiyo, na mwanzoni mwa 2019 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa ya Kivuti. Wambora alimaliza kipindi chake cha pili. Mwaka wa 2022 Kivuti aligombea tena na kushindwa na Cecily Mbarire wa UDA.

Kesi za Meru na Embu zikisomwa pamoja na ile ya urais ya 2017, picha kamili hujitokeza. Dosari ndogondogo, kama vile karani kunakili tarakimu vibaya au wakala kukosa kutia saini, hazitoshi peke yake, kwa sababu uchaguzi huendeshwa na binadamu waliokesha usiku kucha. Tume kukiuka Katiba yenyewe, ama kukataa kufungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyotokea katika kesi ya urais, ni jambo lenye uzito mwingine. Anayedai kuwa dosari zilivuka mpaka huo ndiye anayetakiwa kuthibitisha, kwa kiwango cha ushahidi kinachozidi kile cha kesi za madai ya kawaida ingawa hakifikii kile cha kesi za jinai. Akidai hongo au uhalifu mwingine, hulazimika kufikia kiwango cha jinai.

Matokeo ya kituo ni ya mwisho

Uamuzi mwingine uliogusa moja kwa moja mamlaka ya tume ulitolewa na Mahakama ya Rufaa mnamo Juni 23, 2017, katika kesi ambapo mtetezi wa haki Maina Kiai alikuwa miongoni mwa walalamishi. Mahakama ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na tume jijini Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Lolote lenye utata katika matokeo hayo litatuliwe na mahakama ya uchaguzi.

Kwa mwananchi wa Siakago au Nkubu, uamuzi huo unaeleza kwa nini fomu inayobandikwa mlangoni mwa kituo ina thamani kubwa. Katika uchaguzi wa gavana, fomu 37A hujazwa kituoni, 37B katika eneobunge na 37C katika kaunti. Wakala akiwa na nakala ya 37A, ana ushahidi ambao hakuna afisa wa ngazi ya juu anayeweza kuufuta.

Kumwondoa aliyechaguliwa

Kuna njia nyingine ambayo kura za wananchi zinaweza kutenguliwa bila tume wala kesi ya uchaguzi. Bunge la kaunti linaweza kupitisha hoja ya kumwondoa gavana kwa thuluthi mbili ya wanachama wake, kisha Seneti ikaamua. Naibu gavana huchukua nafasi hiyo bila wananchi kurudi kupiga kura. Meru na Embu zimekuwa uwanja mkuu wa majaribio ya njia hii.

Wambora alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa. Bunge la Kaunti ya Embu lilipitisha hoja Januari 2014, likitaja ukiukaji wa sheria za ununuzi katika ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na ununuzi wa mbegu za mahindi. Seneti iliafiki Februari. Aprili, Mahakama Kuu ilifuta hatua hiyo kwa kuwa ilichukuliwa licha ya amri ya mahakama ya kuisitisha. Bunge la kaunti na Seneti walimwondoa tena kabla ya katikati ya Mei. Mahakama Kuu iliunga mkono hatua hiyo ya pili Februari 2015, lakini Mahakama ya Rufaa ikaifuta Desemba mwaka huo. Katika kipindi hicho chote, aliyemwokoa hadi alipokutana tena na wapiga kura 2017 ni amri za mahakama.

Meru, hali ilikuwa kinyume. Kawira Mwangaza, aliyechaguliwa Agosti 2022 akiwa mgombea huru na kuwashinda vigogo Kiraitu Murungi na Mithika Linturi, aliondolewa na madiwani mara tatu. Seneti ilimwokoa mwaka wa 2022 na 2023, kisha ikaidhinisha kuondolewa kwake Agosti 2024. Alibaki ofisini kwa amri ya mahakama hadi Machi 14, 2025, Mahakama Kuu ilipokataa kesi yake. Siku tatu baadaye, naibu wake Isaac Mutuma aliapishwa kuwa gavana. Mpiga kura wa Meru alipata kiongozi mpya bila kwenda kituoni.

Tume isipokuwepo

Mamlaka ya tume yanapokosa wa kuyatekeleza, hukumu za mahakama hubaki karatasi. Tangu Januari 2023, kipindi cha mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili kilipoisha, baada ya wenzao kujiuzulu au kusimamishwa kazi, Kenya ilikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa mbunge wa Magarini, Kaunti ya Kilifi, mwaka wa 2024, hapakuwa na tume ya kuitisha uchaguzi mdogo.

Embu nayo iliingia katika foleni hiyo. Mbunge wa Mbeere Kaskazini, Geoffrey Ruku, aliteuliwa waziri na kuapishwa Aprili 2025. Katiba inataka kiti cha ubunge kilicho wazi kijazwe katika siku 90 tangu kilipobaki wazi, lakini wakati huo hapakuwa na makamishna. Walipoteuliwa hatimaye, uteuzi ulipingwa kortini. Mnamo Julai 10, 2025, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliruhusu uteuzi wenyewe, lakini wakafuta tangazo la gazeti rasmi la serikali kwa sababu lilichapishwa kinyume cha amri ya mahakama. Tangazo jipya lilichapishwa, na Julai 11 mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake wakaapishwa.

Wakazi wa Mbeere Kaskazini walipiga kura Novemba 27, 2025. Leo wa Muthende wa UDA alipata kura 15,802 naye Newton Karish wa chama cha DP akapata 15,308, tofauti ya kura 494. Ushindi wa aina hiyo ndio ambao kipimo kilichotoka Meru kilitungiwa: wembamba wake unataka uangalifu, lakini peke yake haumnyang'anyi mshindi kiti.

Hatua za kufuata

Uchaguzi mkuu ujao umepangiwa Agosti 10, 2027. Kwa yeyote atakayefikiria kupinga matokeo ya ugavana, useneta au ubunge, sheria inaweka hatua hizi:

Kwanza, kesi iwasilishwe Mahakama Kuu katika siku 28 tangu matokeo yatangazwe. Kuchelewa hata siku moja humfungia mlalamishi mlango. Si lazima awe mgombea; mpiga kura anaweza kushtaki, kama ilivyotokea Meru.

Pili, mlalamishi huweka dhamana ya gharama. Ni Sh500,000 kwa kesi ya gavana au mbunge na Sh100,000 kwa ya mwakilishi wa wadi. Kiasi hicho kinawazuia wanaotaka kusumbua tu, ingawa pia ni mzigo kwa mkulima wa majani chai au miraa mwenye malalamishi ya kweli.

Tatu, ombi la kukagua kura liwe na misingi na litaje vituo vinavyolalamikiwa. Mahakama haifungui masanduku ya kaunti nzima kwa matumaini kwamba kitu kitapatikana.

Nne, ushahidi wote uletwe mbele ya jaji wa kwanza, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa husikiliza masuala ya sheria pekee. Wengi waliopoteza kesi walijikuta wamechelewa kuleta hoja ambayo ingeweza kuwaokoa.

Tano, mahakama ikifuta uchaguzi, kazi hurudi kwa tume. Jaji hatangazi tarehe ya kampeni wala hachapishi karatasi za kura. Wenye neno linalofuata huwa ni wapiga kura wenyewe, wakiwa wamepanga foleni tena kwenye vituo vyao.